Kilwa ya udongo, simulizi za bibi, igizo la Maji Maji au kanga ya manila: projekti ipi ya historia umfanyie mtoto nyumbani

Wazazi wengi tukisema tufundishe historia nyumbani kwa vitendo tunaishia kuchora bendera na kupaka rangi ramani ya Tanzania, mtoto anafurahi, picha inabandikwa kwenye friji, ukimuuliza wiki inayofuata umejifunza nini anakwambia nimepaka rangi. Kupaka rangi sio kubaya. Ila mimi naamini projekti nzuri ya historia ni ile inayomkwamisha mtoto palepale walipokwama watu wa zamani, akose miti mirefu kama wao walivyokosa, ashindwe kuamua kama wazee wa kijiji walivyoshindwa kuamua, hapo ndo anaanza kuuliza maswali mwenyewe bila kusukumwa. Kwa kipimo hicho nimeziweka pamoja projekti nne ambazo familia ya kawaida inaweza kuzifanya bila kununua vitu vya ajabu, na ntasema wazi ipi naipa nafasi ya kwanza maana sio zote zinaweza kusubiri.

KILWA YA UDONGO NA MABOKSI

Hii ndo ya kumfurahisha mtoto anayependa kujenga, mnatengeneza modeli ya Kilwa, ule mji wa zamani wa biashara kwenye kisiwa cha pwani ya kusini ya Tanzania. Unachanganya unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja na maji kidogo kidogo mpaka ushikane, au kama uko karibu na mtu anayefinyanga vyungu unachukua udongo wenyewe ambao ni mzuri zaidi, alafu unahitaji boksi kubwa la kuwa kisiwa, vijiti vya mishikaki, gundi na rangi. Ukichanganya vyote sio gharama kubwa.

Sasa usimwambie tu jenga msikiti. Mpe masharti ya Kilwa yenyewe. Nyumba za mawe za pale zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na chokaa ilipatikana kwa kuchoma hayohayo matumbawe juu ya rundo la kuni, na dari ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haivutiki, ndo maana vyumba vingi vya nyumba za zamani za pwani ni virefu lakini vyembamba. Kwa hiyo kata vijiti vyote vya mishikaki viwe saizi moja, mwambie hizi ndo boriti zako na hakuna nyingine, alafu muachie. Atachora chumba kikubwa cha sultani, atakuja kuezeka, boriti haifiki ukuta wa pili. Hapo muache ahangaike. Atapunguza upana, au ataweka nguzo katikati, au ataanza kujenga kuba, na hizo nguzo na makuba ndo vitu vyenyewe unavyoviona kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa sana baadae. Mtoto akija kuona picha ya ule msikiti baada ya kuhangaika hivo anaiangalia kwa jicho lingine kabisa.

Kuna na stori ya nguo. Masimulizi ya Kilwa yanasema mgeni aliyetoka Shirazi huko Uajemi, Ali bin Hasan, alikinunua kisiwa kwa mtawala wa pale kwa nguo za kutosha kukizunguka. Chukua uzi, mwambie azungushe kisiwa chake cha boksi apime ni sentimita ngapi, alafu muulize nguo zote hizo zilitoka wapi na nani alikuwa na uwezo wa kuwa nazo. Na umwambie ukweli kwamba hayo ni masimulizi ya watawala wenyewe kuhusu walivyopata kisiwa, na waliochimba pale wamekuta watu walikuwa wanaishi kabla, kwa hiyo ni kitu cha kufikiria sio cha kumeza. Mtoto wa miaka tisa anaweza kabisa kuelewa kwamba mwenye nyumba akisimulia alivyoipata nyumba anasimulia kwa faida yake.

Mimi sehemu ninayoipenda kuliko zote ni sarafu. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao za shaba, ndogo tu, na maandishi ya upande mmoja yalikuwa na kina kimoja na ya upande wa pili, yaani sarafu nzima ni kama kipande cha shairi chenye jina la sultani. Chukua vizibo vya soda, vipondeponde viwe bapa (kazi ya mtu mzima hiyo), mtoto atunge mistari yake miwili yenye vina, mmoja wa sifa na mmoja wa jina lake, aandike kwa msumari. Alafu mwambie sarafu ya Kilwa imekutwa Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe, kule dhahabu ilikotoka kabla ya kupita bandari ya Sofala, Msumbiji, kuja juu, na mwaka 1944 sarafu zinazoaminika ni za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Australia! Mletee ramani umuache atafute zilifikaje.

Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule, akasimulia ukarimu wa sultani wake Hasan bin Sulaiman, ambaye ndo anahusishwa na lile jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Mwaka 1505 Wareno wakaja na meli zao wakauteka. Kati ya hiyo miaka miwili una stori ya kutosha likizo nzima. Na usisahau kumwambia ajenge na nyumba za udongo na makuti pembeni, tena nyingi kuliko za mawe, kwa sababu watu wengi waliishi humo, modeli yenye majumba tu inamdanganya.

Ubaya wake? Inachukua nafasi, inavuta sisimizi na panya kama umetumia unga, na mzazi usipokaa karibu na ule mjadala inabaki kuwa kazi ya mikono. Mtoto wa chini ya miaka saba atakuwa anakula ule unga wa chumvi, mngojee kidogo.

SIMULIZI ZA BIBI NA BABU

Gharama hapa ni simu uliyonayo mkononi na kauntabuku moja. Mtoto anamhoji bibi, au babu, au shangazi mkubwa, au yule mzee jirani aliyefanya kazi reli, mnarekodi, mnaandika, mtoto anachora, mwisho kunakuwa na kitabu. Ukisikia hivo unaona ni rahisi kuliko Kilwa lakini kwa kweli ni ngumu zaidi, maana ugumu wake uko kwenye maswali.

Mtoto akienda na "Shikamoo bibi, naomba unisimulie historia" atapewa dakika mbili za "tulikuwa tunaishi vizuri, watoto walikuwa na adabu" basi imeisha. Swali likiwa la kitu unachoweza kukishika bibi anafunguka. Siku sukari ikifika duka la ushirika mlijuaje? Foleni mlikuwa mnaweka mawe au mnasimama wenyewe? Ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ulikuwa na ladha gani? Mlipohamishwa kwenda kijiji cha ujamaa mlibeba nini na mliacha nini? Redio ilikuwa kwa nani na mlikuwa mnakaa wapi kusikiliza? Nani alikuwa anafundisha elimu ya watu wazima na nani mzee aliyekataa kwenda? Ukiweza mpe kitu mkononi, picha ya zamani, sufuria, kitambulisho, kanga iliyochakaa, mikono ikishika kitu kumbukumbu zinakuja zenyewe, hii nimeiona mara nyingi kwa wazee wetu.

Na hapa pia mtoto anakwama pazuri. Bibi hasemi mwaka, anasema "kipindi cha vita vya Amin", "mwaka nilipomzaa mjomba wako", "wakati wa Sokoine". Mtoto inabidi akapange. Vita vya Kagera ni 1978 mpaka 1979. Operesheni ya vijiji ilishika kasi 1973 mpaka 1976. Kampeni ya afya ya Mtu ni Afya, ile watu walikusanyika kwenye redio, ni 1973. Msako wa wahujumu uchumi ni 1983 na Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu, alifariki tarehe 12 Aprili 1984. Bibi akisema waliona kitu kwenye televisheni mwaka 1975 na alikuwa anaishi Dodoma, mtoto anaenda kutafuta anakuta Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973 lakini bara imekuja miaka ya 1990, kwa hiyo aidha alikuwa Unguja kutembea, au ilikuwa sinema, au miaka imechanganyika. Anarudi kuuliza kwa adabu. Hiyo kazi ya kurudi kuuliza ndo kazi ya mwanahistoria yenyewe, hakuna tofauti na wanachofanya chuo kikuu zaidi ya ukubwa wa karatasi.

Muhojini na mtu wa pili wa kipindi hichohicho kama mnaweza. Mmoja atakwambia vijiji vya ujamaa vilituletea shule na zahanati, mwingine atakwambia walichomewa nyumba yao ili wahame, na wote wawili wanasema kweli ya kwao, na mtoto anajifunza kitu ambacho kitabu cha darasani hakina nafasi ya kumfundisha.

Mambo ya kuangalia: mzee aombwe ruhusa kabla ya kurekodi na aambiwe itasikilizwa na nani. Kuna mambo wazee hawataki kuyasema mbele ya wajukuu, vita, vifo vya watoto, ndoa ya kwanza, akinyamaza mtoto afundishwe kunyamaza pia na kuhamia swali lingine. Na msimchoshe, nusu saa ya mazungumzo inatosha kwa siku moja, hasa baada ya chai ya jioni akiwa amekaa.

Kama bibi yuko mbali, mko Muscat au London au Minneapolis na yeye yuko Tanga, voisi noti za WhatsApp zinafanya kazi vizuri sana, labda hata kuliko kupiga simu, maana bibi anajibu akiwa na nafasi na sauti inabaki. Na kwa watoto waliozaliwa huko nje hii inafanya kazi mbili, Kiswahili na historia kwa mpigo.

UKIZIWEKA HIZO MBILI UBAVU KWA UBAVU

Kilwa inampa mtoto upana, anaona kwamba pwani yetu ilikuwa inafanya biashara na Uarabuni, Uajemi, India mpaka bidhaa za China kabla Mzungu yeyote hajafika, na hilo kwa mtoto wa Kiafrika ni kitu kikubwa mno, sitaki kulipunguza hata kidogo. Simulizi zinampa ukaribu, anaona historia ina watu anaowapa shikamoo. Kilwa mtoto anaweza kufanya na wenzake wanne wakagawana kazi, simulizi inapendeza akiwa mmoja au wawili. Kilwa inafaa zaidi kwa mtoto asiyependa kuandika. Simulizi inamfaa mtoto mdadisi, yule wa maswali yasiyoisha, na pia mtoto mwenye aibu, maana kuongea na bibi ni mazoezi laini.

Kwenye muda, Kilwa ni wikiendi mbili tatu kama udongo unakauka vizuri, mvua ikiwepo zaidi. Simulizi kurekodi ni jioni chache, kuandika ndo kunakula muda, mtoto wa darasa la tano kuandika nusu saa ya maongezi neno kwa neno ni mateso, msimlazimishe, achague vipande vitatu vinavyomgusa aviandike vizuri na sauti nzima ihifadhiwe.

Lakini tofauti inayoamua kila kitu kwangu ni hii: Kilwa iko pale, imesimama mamia ya miaka, UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia tangu 1981, ukiahirisha mpaka likizo ya Desemba hautapoteza kitu. Bibi hayuko hivo. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa Uhuru leo ameshapita themanini. Watu wanaokumbuka vizuri Desemba 9, 1961, wanaokumbuka Mapinduzi ya Januari 1964 kwa macho yao na sio kwa kusimuliwa, wanapungua kila mwaka na hakuna maktaba itakayokurudishia walichokuwa nacho. Kwa hiyo kama mzee yupo na anaongea vizuri, anza na yeye, Kilwa ifuate. Hilo nalisema bila kuyumba.

IGIZO LA MAJI MAJI

Igizo watoto wanalipenda kwa sababu kuna kelele, na ndo hatari yake pia. Ukiwaacha wenyewe watagawana Wajerumani na wapiganaji, watakimbizana uani na ndoo ya maji, watakufa kwa vicheko, na Maji Maji inakuwa mchezo wa watu wajinga waliodhani maji yanazuia risasi. Hapana. Vita ile ilianza Julai 1905 huko Umatumbini kwa watu waliolazimishwa kulima pamba ya serikali, walichoshwa na kodi na viboko vya maakida, yaani wasimamizi wa serikali ya Mjerumani, na dawa ya maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe iliwaunganisha watu wa makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mapema Agosti 1905, vita yenyewe ikiwa ndo kwanza inawaka. Tarehe 27 Februari 1906 wakanyongwa mashujaa wengi Songea. Alafu Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, makadirio yanaanzia watu 75,000 na mengine yanafika 300,000.

Kwa hiyo ushauri wangu, msiigize mapigano, igizeni baraza la kabla. Mjumbe ameleta maji usiku. Wazee wamekaa. Tuingie au tusiingie? Mmoja acheze mama ambaye shamba lake la chakula limeachwa kwa ajili ya pamba, mmoja kijana mwenye hasira, mmoja jumbe, yaani mkuu wa kijiji, anayeogopa kupoteza cheo, na mmoja mgeni kutoka Uhehe ambaye amemuona Mkwawa akipigana na Mjerumani miaka yote ile mpaka kufa kwake 1898, anajua bunduki zinafanya nini. Wahehe hawakuingia Maji Maji, Wangoni waliingia. Watoto wakibishana kwa dakika ishirini bila kukubaliana umefaulu, na hapo sasa ndo unawaambia kilichotokea.

Ukilinganisha na zile mbili za juu, hii haina gharama, inaisha siku moja, lakini inataka watoto kuanzia watatu wenye miaka kumi na kuendelea na mzazi aliyesoma kidogo kabla. Kwa wadogo siishauri, vitanzi na njaa ni vitu vizito, vina wakati wake. Kama mko Ruvuma au mnapita, Makumbusho ya Maji Maji yako Songea, na kumbukumbu za mashujaa hufanyika kila Februari.

KANGA YA MANILA

Hii ni ya wadogo na ya siku ya mvua. Manila moja, rangi, rula. Mtoto anachagua tukio moja, labda Muungano wa Aprili 26, 1964, au reli ya kati kufika Kigoma 1914, au hata siku familia ilipohamia mjini, anachora pindo, anachora mji, yaani mchoro wa katikati, anaandika jina la kanga, yale maneno ya chini. Jina ndo lenye kazi. Kulisema tukio zima kwa maneno matano sita yenye utamu kunamlazimisha ajue kiini chake ni nini, na utashangaa wanachokitoa. Inaisha masaa mawili na hamna fujo. Kwa kina haiifikii hata moja ya zile tatu, ila kwa mtoto wa miaka sita ndo mlango mzuri, na wavulana wanaifanya vizuri tu ukiwaambia ni matangazo ya zamani.

NA UZI WA MIAKA

Huu siuhesabu kama projekti ya kuchagua, uweke tu ukutani chochote mtakachofanya. Uzi mrefu wa korido, sentimita moja ni mwaka mmoja, vikaratasi na vibanio vya nguo. Kutoka leo mpaka Uhuru ni sentimita 60 na kitu. Ukoloni wa Mjerumani na Mwingereza bara, tangu 1885 mpaka 1961, ni sentimita 76. Kutoka Wareno kupita pwani 1498 mpaka kufukuzwa Fort Jesus ya Mombasa 1698 ni mita mbili kamili. Na Ibn Battuta wetu wa 1331 yuko karibu mita saba, pengine uzi utatoka nje ya mlango, mruhusu utoke. Mtoto aliyekuwa anadhani historia ya Tanzania ni wakoloni alafu Nyerere anasimama pale anaangalia kale kakipande ka sentimita 76 katikati ya uzi mrefu wote na anaelewa bila kuambiwa neno.

SASA WEWE UCHAGUE IPI

Una mzee karibu au kwenye simu: simulizi, wiki hii, hata kama mtoto analalamika, ukimaliza rekodi ya kwanza hatalalamika tena. Huna mzee, au wazee wenu hawapendi kuongelea zamani, usimsumbue mtu, nenda Kilwa na ujipe likizo nzima. Una watoto wengi wa rika la juu na nyumba ina kelele tayari, igizo la baraza. Una mdogo wa chekechea au darasa la kwanza, kanga, na umuweke akae pembeni ya kaka yake anapohoji, awe ndo mshika simu, wanasikia mengi kuliko tunavyodhani.

Na kwenye rekodi, mtoto aanze kwa kutaja mwenyewe jina la mzee, mahali na tarehe, alafu faili litunzwe sehemu mbili, kwenye simu na kwenye baruapepe au flashi, na nakala moja apewe bibi mwenyewe au mtu anayekaa naye, ni zake kabla ya kuwa zenu.